Tuandike Maneno ya Vitu Vilivyochoka

Katika filamu ya Beatles ya mwaka 1964, A Hard Day's Night, George Harrison anajikuta ndani ya ofisi ya watu wanaouza mitindo kwa vijana. Wanamdhania ni kijana aliyeitwa kwa usaili. Wanamwonyesha mashati na kumtaka aseme anayaonaje. Harrison anayakataa kwa neno moja: “grotty”. Mkubwa wa ofisi hajawahi kulisikia, inabidi aelezwe kwamba limekatwa kutoka neno refu lenye maana ya kitu cha sura ya kuchukiza. Akishaelewa, anamgeukia msaidizi wake na kumwagiza aliandike.

Aliyelitia neno hilo kinywani mwa Harrison ni Alun Owen, mwandishi wa filamu, na wanamuziki wenyewe walisema baadaye kwamba halikuwa lao. Hilo halikuzuia kitu. Filamu ilitazamwa, neno nalo likatoka sinema na kuingia majumbani. Waingereza wakaanza kuita grotty chumba cha kupanga chenye ukungu ukutani na zulia linalonata miguuni. Mtu aliyeamka na mafua, kichwa kizito, hana hamu ya chai, akasema anajisikia grotty. Hali ya hewa ya mawingu na manyunyu nayo ikapewa jina hilo hilo. Kisha likakatwa tena, likabaki “grot”, yaani takataka au uchafu, na katika miaka ya 1970 tamthilia ya BBC kuhusu mtu aitwaye Reginald Perrin ikalifanya jina la duka linalouza vitu visivyofaa kwa lolote.

Lina ndugu wengi. “Tatty” lilianzia Uskoti katika karne ya 16, likisemwa juu ya nywele na manyoya yaliyosokotana, na leo Mwingereza analitumia kwa kitabu kilichokunjika kurasa au pazia lililochanika pindo. “Ratty” linakupa maana mbili kutegemea umesimama upande gani wa Atlantiki: Marekani koti likiwa ratty limechakaa, Uingereza mtu akiwa ratty ana hasira za karibu. “Scruffy” linamfaa mtu asiyejali nywele wala shati lake, lakini mama anaweza kumwambia mwanawe kwa mapenzi kabisa, hata mbwa mwenye manyoya timtimu akaitwa hivyo na anayempenda. Yote haya ni maneno ya vitu duni, maneno ya mitaani na jikoni ambayo mwalimu angeyapigia mstari mwekundu kwenye insha. Hata hivyo ukitaka kujua kila moja lilianza lini na lilibadilika vipi, utapata jibu, kwa sababu kwa zaidi ya karne moja kuna watu waliokaa wakayaandika.

Hilo ndilo lililonifanya niwaandikie, wasomaji wapenzi. Ninaomba tufanye kazi hiyo kwa Kiswahili, na tuanze na maneno haya haya ya chini, ya vitu vilivyochoka.

Kazi yenyewe si ya maprofesa peke yao, na mfano wa Waingereza unaonyesha hivyo waziwazi. Mwaka 1879 James Murray, mtoto wa fundi cherehani kutoka kijiji cha Denholm huko Uskoti, aliyeacha shule akiwa na miaka 14, alikabidhiwa kuhariri kamusi kubwa ambayo Chama cha Filolojia cha London kilikuwa kimeihangaikia tangu 1857. Jambo la kwanza alilofanya ni kutoa wito. Aliwaandikia wote wanaosema na kusoma Kiingereza, Uingereza, Marekani na makoloni, akiwaomba wasome vitabu na kunakili sentensi kwenye vipande vya karatasi: neno juu, tarehe, mwandishi, kitabu, ukurasa, kisha sentensi yenyewe. Alijenga kibanda cha mabati bustanini kwake, akakitia visanduku 1,029 vya kupangia karatasi hizo. Alipohamia Oxford barua zilikuwa nyingi mno hata posta ikamwekea sanduku la barua mbele ya nyumba yake.

Walioitikia ni walimu, mapadri, akina mama wa nyumbani, wastaafu. Mmoja wa waliotuma nyingi zaidi alikuwa William Chester Minor, daktari wa jeshi la Marekani aliyeugua akili, akaua mtu London mwaka 1872 na kufungiwa hospitali ya Broadmoor. Kutoka chumba chake alituma maelfu ya sentensi kwa miaka mingi. Kamusi ilikamilika mwaka 1928, Murray akiwa amefariki tangu 1915, ikiwa na maneno zaidi ya laki nne.

Katika hadithi hiyo kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja. Wasomaji wa Murray walipenda sana maneno ya ajabu. Kila mtu aliyekutana na neno gumu alilinakili kwa furaha, na maneno ya kila siku wakayaruka kwa kudhani kila mtu anayajua. Murray alilalamika kwamba kwa neno moja la kizamani lisilotumiwa tena alikuwa na sentensi kama hamsini, na kwa nduguye linalotumiwa na kila mtu hakufikisha hata tano. Ilibidi yeye na wasaidizi wake warudi kuyatafuta ya kawaida wenyewe. Nasi tukianza tutavutiwa na maneno ya mashairi ya zamani na misamiati ya mabaharia. Ni mazuri na yana wenyewe wanaoyashughulikia. Lakini neno alilosema konda leo asubuhi alipokataa noti yako ya elfu moja iliyofungwa kwa selotepu, nani ataliandika?

Kwa lahaja, Waingereza walimpata Joseph Wright. Huyu alizaliwa 1855 karibu na Bradford, akaanza kazi akiwa na miaka sita kuongoza mkokoteni wa punda, mwaka uliofuata akaingia kiwandani. Hakujua kusoma mpaka alipofika miaka kama 15. Akajifundisha, akawa profesa Oxford, na kati ya 1898 na 1905 akachapisha kamusi ya lahaja za Kiingereza katika juzuu sita. Maneno ya watu wa kiwandani aliyajua kwa sikio, yalikuwa ya nyumbani kwao.

Sasa tujitazame. Kiswahili hakikukosa watu wa kamusi. Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 alifanya kazi kubwa iliyochapishwa 1882. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 ndiyo iliyoweka msingi wa nyingi zilizofuata. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, likatoa ya kwake, na baraza la Kiswahili la taifa, BAKITA, likatoa Kamusi Kuu mwaka 2015. Hata lugha ya mitaani imepata watu: mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha utafiti wao juu ya lugha ya mitaani ya Tanzania, pamoja na orodha ndefu ya maneno. Nawaheshimu wote hao. Lakini ofisi yenye wahariri wachache haiwezi kukaa kila gereji, kila kibaraza, kila soko kuanzia Kigoma hadi Lamu. Sisi tuko huko tayari.

Na tazama tulivyo matajiri katika jambo hili moja tu la uchakavu. Chakavu lenyewe linakwenda na nguo, noti, mitambo, chuma. Vijana wanaozunguka na mikokoteni wakinunua chuma chakavu hawanunui kitu kibaya, wananunua malighafi yenye bei kwa kilo, kwa hiyo hapo neno limekaribia kuwa jina la biashara. Kuukuu linatazama umri zaidi: jembe kuukuu huenda bado linalima vizuri kuliko jipya. Kongwe nalo lina heshima ndani yake. Tunasema Mji Mkongwe wa Zanzibar, ingawa chokaa imebanduka kwenye kuta nyingi, na hakuna anayethubutu kuuita mji chakavu. Mwanasiasa mkongwe amepewa sifa. Umwite chakavu, umemtukana. Halafu kuna gofu, ambalo ni nyumba iliyobaki kuta, tena pwani husemwa hata juu ya mtu au mnyama aliyekondeana. Maneno haya yana kazi ya kiraia. Nyumba ikishaitwa gofu mtaani, watu wanaanza kuchukua mawe na milango yake. Ikiendelea kuitwa kongwe, wapo watakaouliza ni nani anaitengeneza. Sehemu ya Jumba la Maajabu la huko Mji Mkongwe ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, Wazanzibari wengi walihuzunika kama waliofiwa, na hakuna aliyetaka kusikia jengo lile likiitwa gofu.

Shuka chini ya hapo, kwenye lugha isiyovaa tai. Gari limechoka. Gari ni mkweche. Simu ni kimeo, na hapa mzee wa pwani atakuambia kwamba kimeo anachokijua yeye ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Limefikaje kwenye simu mbovu ni jambo ambalo ningependa sana mtu alifuatilie. Mtu akipauka, inaweza kuwa ngozi imekosa mafuta, inaweza kuwa mfuko umekosa pesa. Akisemwa kwamba amechoka mbaya, haulizwi kama amelala. Kazi ikifanywa hovyo, mtu akivaa hovyo, mwili ukiamka hovyo: neno moja linabeba kazi, nguo na afya, sawasawa na grotty kule Uingereza.

Kaa na fundi viatu nusu saa, chini ya mwembe wake, usikie. Mteja analeta kiatu na kusema kimeharibika. Fundi hasemi hivyo. Anakikunja, anabonyeza kisigino, anasema soli imelika upande mmoja. Au gundi imeachia. Au ngozi imekauka, ukiishona itapasuka pembeni ya uzi. Akikwambia kimechoka, bado kuna matumaini na bei inazungumzika. Akikwambia hiki kimekufa, anakurudishia mkononi na kuchukua kinachofuata. Kulika, kuachia, kukauka, kuchoka, kufa: kwake hizo ni hatua, na kila hatua ina dawa na gharama yake. Sijui kamusi inayoziweka pamoja namna hiyo, chini ya kiatu.

Au nenda Gikomba, Nairobi, alfajiri robota la mitumba linapokatwa mikanda. Nguo za mwanzo zinazochaguliwa, safi, zisizo na doa, huitwa kamera. Zinazobaki mwisho, zilizochuja rangi na kulegea shingo, ni fagia. Kati ya kamera na fagia kuna maisha ya watu, kodi za nyumba na karo za watoto. Uganda wanasema mivumba. Rwanda wanasema caguwa, na sikio la Mswahili halihitaji kuambiwa kwamba hilo ni “chagua” letu lililovuka mpaka. Mitumba yenyewe ilianza kama mizigo iliyofungwa. Sasa tuna gari la mtumba na kompyuta ya mtumba ambazo hazijawahi kufungwa kwenye robota lolote.

Na lipo neno mbacha. Ni mkeka uliochakaa, ule ambao ukili umefumuka pembeni na milala inachomoza, wa kuanikia mpunga au kukalia uani. Wengi wetu tunalikumbuka kwa sababu ya methali tu: usiache mbachao kwa msala upitao. Vijana wengi wanaisema methali bila kujua mbacha ni nini, nao hawana kosa, mikeka ya plastiki imejaa madukani na haichakai kwa namna ile. Neno lililobaki ndani ya methali tu lina maisha nusu. Kama nyumbani kwenu bado kuna bibi anayeamrisha watoto wakalete mbacha, tafadhali liandike, uandike na jinsi alivyosema.

Ombi langu ni rahisi kutekeleza. Chukua daftari, au kadi zilizokatwa kutoka maboksi ya chaki, au simu yako. Kila neno lipe karatasi yake. Andika neno, kisha sentensi nzima kama ilivyosemwa, usiisafishe. Andika aliyesema ni mtu wa namna gani: fundi gereji, msusi, mvuvi, mwanafunzi wa darasa la saba, jina lake halihitajiki. Andika mahali na tarehe. Mwisho ndipo uandike maana unavyoielewa, na kama hukuielewa acha wazi, mwingine ataijaza. Kwa mfano: mkweche, “Ukichukua mkweche ule mtalala Chalinze”, dereva, kijiwe cha teksi, Dar es Salaam, tarehe ya siku hiyo, gari bovu la zamani lisiloaminika kwa safari. Dakika mbili zinatosha.

Sentensi ndiyo muhimu kuliko maana. Orodha za maneno ya mitaani tunazo, zinazunguka kwenye simu kila mwezi, neno upande huu na tafsiri upande ule. Zinafurahisha, lakini haziwezi kumwambia msomaji wa mwaka 2080 kwamba “amepauka” lilisemwa na nani kwa nani, na kama aliyesemwa alicheka au alilia. Hapa nasisitiza, kwa sababu maneno ya uchakavu yakitoka kwenye vitu na kumwangukia mtu yanaumiza. Mtoto aliyekuja shule na kaptula yenye viraka anayajua yote. Tuyaandike hata hayo, kwani lugha ni pamoja na majeraha yake, ila kwenye kadi iandikwe wazi kwamba neno hili hutumika kudhalilisha.

Walimu, ninyi mna nguvu kuliko yeyote. Darasa la watoto 50 likipewa kazi ya nyumbani moja tu, kuuliza wazazi na babu zao kitu kilichochakaa kinaitwaje nyumbani kwao, kesho yake mtakuwa na kadi nyingi kuliko mtafiti anavyopata kwa wiki. Watoto wenye lugha nyingine za nyumbani waruhusuni walete na maneno yao, kwa sababu Kiswahili kimeazima kutoka huko kila siku na kitaendelea kuazima. Watangazaji wa redio za mikoani, mna simu za wasikilizaji. Swali moja asubuhi, neno moja kwa siku. Mafundi na wafanyabiashara, msione haya kwamba lugha yenu si sanifu. Lugha sanifu imekuwa ikichota kwenu muda wote.

Na ninyi mlioko mbali. Muscat kuna familia zinazozungumza Kiswahili walichoondoka nacho wazee wao Unguja na Pemba, na mna maneno ambayo huku yameshapotea au yamebadilika maana. Mlioko London, Toronto na Minneapolis, wazazi wenu wanapozungumza na ndugu kwa simu kuhusu paa lililooza na geti lililokula kutu, sikilizeni maneno wanayotumia. Yaandikeni kabla simu haijakatwa.

Wapo watakaouliza kadi hizo zipelekwe wapi. Zianze kukaa mahali pa karibu: maktaba ya shule, maktaba ya mkoa, ofisi ya gazeti la eneo, kikundi cha wapenzi wa lugha. Kisha ziende kwa wenye dhamana: BAKITA, BAKIZA, taasisi za Kiswahili za vyuo vikuu vya Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Nawaomba na wahariri wa kamusi wafungue mlango mmoja unaojulikana na kila mtu, wenye anwani iliyochapishwa kwenye jalada la nyuma la kila kamusi, na wawe wakitangaza kila mwaka maneno yaliyopokelewa na mikoa yaliyotoka. Murray alijibu barua zake. Mtu aliyejibiwa mara moja hutuma tena.

Tuna siku yake tayari. Tangu UNESCO ilipotangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, tumekuwa tukiiadhimisha kwa hotuba, ngoma na makongamano. Hotuba ziendelee. Lakini karibu na jukwaa iwekwe meza, juu yake kadi tupu na kalamu, na kila anayeingia aombwe aache neno moja na sentensi yake kabla hajakaa. Kwa mwaka wa kwanza swali liwe hili tu: gari, kiatu, mkeka, nyumba au shati likichoka, kwenu mnasemaje?